Picha Zangu Zimo Makabatini mwa Watu

Jumatatu, 13 Januari

Daftari hili nililinunua niandike harusi nilizoitwa kupiga. Mpaka leo zimeingia mbili, zote za mwezi wa Shaabani, kwa hivyo kurasa tupu ni tele na hasira ya kuzijaza ninayo.

Sidi ndiye mpiga picha mkuu wa filamu ya Marereni. Nimeambiwa na mwongozaji mwenyewe, Peterson Mwaringa wa Kilifi, kwa ile sauti ya kumpa mtu habari za msiba. "Dada Hafswa, wewe tutakuhitaji sana kwenye fokasi." Maana yake nitakaa ubavuni mwa kamera nikizungusha lenzi ili sura za waigizaji zisififie wakisogea, na jicho litakaloamua picha iwe vipi ni la Sidi Kahonzi, ambaye mwaka wa 2012 hakujua kamera inawashiwa wapi.

Nilimwonyesha mimi. Alikuja Malindi kutoka Bamba, msichana mwenye mkoba mmoja, akanishikia taa kwenye harusi miaka mitano, akala kwetu, akalala kwetu, mama akamwita mwanangu. Kisha akaondoka kwenda "kujaribu". Sasa amejaribu, na mimi nitamzungushia lenzi.

Nimekubali. Ningekataa nikae nyumbani nitazame ukuta?

Jumanne, 14 Januari

Nimemweleza mama. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. "Hicho ni kijiba cha roho, Hafswa." Nikamwambia si kijiba, ni haki yangu. "Basi hiyo haki yako imekukunja uso," akasema, akaendelea na mchele wake.

Alhamisi, 16 Januari

Nitaandika mara moja jambo hili, kisha sitalirudia.

Mimi ni mpiga picha mzuri. Najua. Lakini picha zangu nzuri zote nimezipiga ndani ya vyumba ambavyo mwanamume haingii. Harusi zetu ziko pande mbili, na upande wa wanawake ndiko mambo yalipo: buibui zimevuliwa, nywele zimeachwa, bibi za watu wanacheza hadi wanashikwa kiuno. Anayepiga picha humo lazima awe mwanamke, tena mwanamke wa kuaminika. Kabla sijaanza, husimama mbele ya mama wa bibi harusi nikaahidi: nitakukabidhi flashi ya picha mkononi, na kwangu nakala haitabaki. Siku nikimkabidhi huifungia kabatini pamoja na dhahabu. Miaka kumi na mitano nimefanya kazi hiyo, na kazi yangu yote imo makabatini mwa watu.

Kwa hivyo Peterson alipotuomba kila mmoja sampuli ya kazi, nilimpelekea nini? Tangazo la duka la magodoro na sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu anayestaafu. Sampuli ya Sidi, anasema Peterson mwenyewe, ilimtoa machozi.

Mimi najua machozi hayo yalitoka wapi. Sidi alikuwa mle vyumbani pamoja nami, na kadi za kamera zilipita mikononi mwake. Haiwezekani awe aliondoka mikono mitupu. Amempelekea Peterson picha zangu akasema zake, na mimi niliyeshika ahadi nimebaki na magodoro.

Hapo kwenye kushika ahadi nimesita kidogo, kwa kuwa naandika ukweli. Nakala ninazo. Zimo kwenye diski, ndani ya kopo la biskuti, chini ya kitanda changu. Sijawahi kumwonyesha mtu. Huzitazama peke yangu, nikijiambia angalau mtu mmoja duniani anajua Hafswa anaweza kufanya nini.

Jumatatu, 20 Januari

Siku ya kwanza Marereni. Mashamba ya chumvi ni meupe hata macho yanatoka machozi. Wafanyakazi wanakokota chumvi kwa reki wakiwa na mabuti ya mpira, na filamu yetu inamhusu mmoja kama wao, mama anayeshinda chumvini ili amwoze binti yake vizuri.

Sidi amekuja na suruali ya kaki na kofia ya ukili. Akanikumbatia mbele ya watu. "Dada Hafswa, tafadhali, uwe karibu nami." Hiyo tafadhali yake iliniwasha mwili mzima. Heri angenifokea.

Asubuhi nzima hakupiga kitu. Alizunguka akiongea Kigiriama na wale akina mama wa chumvi, akauliza majina yao, akauliza mgongo unauma saa ngapi. Nikadhani anajionyesha. Saa tano akasema, "Sasa," tukapiga mara mbili, basi. Peterson alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha utadhani mkewe amejifungua mapacha.

Wa sauti ni Abdulhakim, mumewe Jaha. Harusi yao niliipiga mimi mwaka wa 2016, Sidi akiwa na taa. Ni mtu mpole, hedifoni masikioni siku kutwa, anasikia hata nzi akikanyaga. "Jaha anakusalimu," akaniambia. Nikamuuliza wanaendeleaje tangu mama mkwe wake, Bi Esha, afariki. Akasema mwaka wa pili sasa, lakini Jaha bado hajakubali.

Jumatano, 22 Januari

Upepo. Hatukupiga chochote.

Ijumaa, 24 Januari

Sidi amenisifu kwa fokasi. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha hadi mlangoni, kisha nikakumbuka ni nani aliyenisifu.

Jumatatu, 27 Januari

Mawingu yalikuja yakaondoka. Msimamizi wa chumvi ametwambia mvua ikinyesha kabla marundo hayajafunikwa, msimu mzima unayeyuka. Peterson anataka picha ya rundo kubwa la mwisho, siku ya kumaliza kuvuna, na haitapigwa mara mbili. Watu wote sasa wanatazama juu. Mimi namtazama Sidi.

Nimemvizia wiki nzima nimpate na kosa. Nimepata moja: anasahau kula.

Ijumaa, 31 Januari

Leo nimefurahi, na sitajificha kwenye daftari langu mwenyewe.

Kuna onyesho la chumba cha bibi harusi, mama wa chumvi akimtayarisha bintiye. Tumekodi nyumba ya zamani hapa Malindi, mtaa wa Shela. Sidi alipiga picha za majaribio, na zilikuwa mbovu. Nuru safi, kila kitu mahali pake, na hakuna harusi ndani yake. Peterson alizitazama mara tatu kisha akasema, "Sidi, hiki ni chumba cha kusubiri daktari."

Sidi alisema anajua, na hajui afanye nini. Alisema hivyo mbele ya kila mtu! Mimi ningemeza ulimi. Kisha akanigeukia: "Dada Hafswa, wewe ungefanyaje?"

Nikamwambia, "Mimi ni wa fokasi."

Jumapili, 2 Februari

Nimefungua kopo la biskuti.

Nimetazama zaidi ya harusi ishirini, na picha ninayoitaka niliijua tangu mwanzo. Ni ya Jaha. Asubuhi ya harusi, kabla wageni hawajafika, Bi Esha alikuwa akimchana nywele mwanawe karibu na dirisha. Nilisimama nyuma yao. Nyuso hazionekani kabisa. Inaonekana mikono ya Bi Esha yenye hina, nywele za Jaha zimefika kiunoni, na jua linapita katikati ya nywele kila chanuo linapoinuka. Bi Esha anaimba polepole. Sekunde arobaini. Sijawahi kupiga kitu kizuri zaidi, na sijui kama nitawahi.

Nyuso hazionekani. Nimejiambia hivyo mara kumi. Mikono ni mikono, nywele ni nywele, nani atajua za nani? Tena Sidi amefanya hivyohivyo, na ndiyo sababu ameketi pale alipoketi. Mimi ninachukua changu tu.

Nimempelekea Peterson. Nimemwandikia: "Itazame peke yako, kisha uifute. Ni kazi yangu."

Jumatatu, 3 Februari

Amenipigia kabla sijamaliza chai. "Hii imepigwa na nani?" Mimi. "Wewe mwenyewe?" Mimi mwenyewe. Akasema, "Dada Hafswa, mbona ulinipelekea magodoro?"

Onyesho la chumba cha bibi harusi nitalipiga mimi. Sidi atabaki na picha za nje. Nimemwomba tena aifute ile klipu, akasema usijali.

Nimerukaruka jikoni na umri wangu wa miaka thelathini na sita. Mama akauliza nimeota nini.

Jumanne, 4 Februari

Sidi ameambiwa. Alisema, "Sawa," kisha akaenda kusafisha lenzi ambazo tayari zilikuwa safi. Nilingoja anisute au anune. Hakufanya lolote, na hilo likanipunguzia raha.

Jumamosi, 8 Februari

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kwa mpango kama ilivyokuwa.

Asubuhi walipiga kile kibao cha kuanzia onyesho mbele ya kamera, na mahali pa mpiga picha palikuwa na jina langu, limeandikwa kwa chaki: Hafswa Bwanamkuu. Niliomba wakishike sawasawa nikitazame vizuri. Nilijifanya nakagua fokasi.

Kisha Peterson akataka waigizaji na mafundi waelewe anachotafuta. Akawaita wote ukumbini, wanaume kwa wanawake, watu kama kumi na wanane, akaunganisha simu yake na skrini kubwa. Nilikuwa chumbani nikipanga pazia. Niliposikia sauti ya Bi Esha ikiimba nilidhani nimechanganyikiwa. Nilitoka mbio.

Klipu ilikuwa katikati. Nywele za Jaha zilikuwa zimejaa ukuta mzima, na fundi wa taa na dereva na yule wa chai walikuwa wamesimama wakizitazama, kimya, kwa heshima hasa, kwa kuwa ilikuwa picha nzuri. Abdulhakim alikuwa ameketi chini na mashine yake ya sauti. Hakuwa akitazama skrini. Alikuwa amefumba macho kama anavyofanya akisikiliza. Akayafumbua, akatazama, akavua hedifoni taratibu akaziweka sakafuni.

"Huyo ni mama," akasema.

Hakuna aliyemwelewa isipokuwa mimi na Sidi.

Akasimama. Hakunitukana wala hakupandisha sauti. Alimwendea Peterson akamwomba kwa adabu aizime, kisha akasema, "Huyo aliyekaa ni mke wangu," akatoka. Tukasikia pikipiki yake ikiondoka.

Nilificha nyuso nikaiacha sauti. Miaka kumi na mitano nimekuwa mtu wa picha, na nilipokuwa nikichagua nilichagua kwa macho tu. Wimbo ule mimi nilikuwa siusikii tena. Nilipeleka klipu kwenye filamu ambayo fundi wake wa sauti ni mkwewe Bi Esha, na nilijua ni mkwewe, na bado nilijiona nimetahadhari.

Peterson alikuwa akiniomba msamaha, kwamba hakujua ni siri kiasi hicho. Sikumsikiliza. Nilikwenda uani, na Sidi akanifuata.

"Ile taa nilishika mimi," akasema. "Kwa nini, dada?"

Nikaja juu kama mbogo. Nilimwambia asinifanye mjinga. Nilimwambia kila mtu anajua aliingia kwa Peterson na picha za ndani, picha zangu, na kama ni dhambi basi alinitangulia. Nilisema mengi ambayo sitayaandika. Nilimtajia hata chakula alichokula kwetu.

Sidi alitoa simu, akafungua ile sampuli yake ya kazi akanipa mkononi, akasimama kando akingoja.

Niliitazama yote. Dakika nne. Wanawake wa Ganze wakingojea maji kisimani alfajiri. Mazishi ya Bamba, kaburi linachimbwa, mvulana anajifunga kamba ya kiatu pembeni. Foleni ya hospitali, mzee amemwegemea mkewe na mkewe amelala. Kanisa tupu, mwanamke anafagia. Hakukuwa na harusi hata moja. Hakukuwa hata na hina kidoleni. Na zilikuwa nzuri. Ile ya foleni, wallahi, mimi singeiona, ningepita nikitafuta dirisha lenye jua.

"Ulianza upya kabisa?" nikamuuliza.

"Ningefanyaje? Zile tuliahidi hazitatoka."

"Wewe hukuahidi. Nilikuwa naahidi mimi."

Sidi akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako, dada Hafswa. Nilidhani unaahidi kwa niaba yetu sote wawili."

Tulirudi ndani nikapiga lile onyesho. Ndiyo, nilipiga. Watu walikuwa wamelipwa siku, nyumba imekodiwa, na jina langu lilikuwa kwenye kibao. Peterson anasema limetoka vizuri sana.

Jumapili, 9 Februari

Sikutoka chumbani.

Jumatatu, 10 Februari

Sidi amepita kwa kila mtu wa kazini, akasimama mpaka akaona klipu imefutwa kwenye simu yake. Peterson alikuwa amewatumia watu watatu zaidi, kwa nia njema. Nimeambiwa na Purity wa mavazi. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na sikuwa na uso wa kuifanya.

Jumanne, 11 Februari

Jaha alikuja baada ya adhuhuri. Alivua viatu, akamwamkia mama shikamoo, akaulizwa habari za watoto akazijibu zote. Mama alimletea kahawa na haluwa kisha akaondoka, na mama hajawahi kuondoka mgeni akiwepo.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Aliyakata. "Nionyeshe."

Nilitoa kopo chini ya kitanda. Nilimfungulia klipu, nikasogea ukutani. Alitazama sekunde zote arobaini bila kupepesa. Ilipokwisha akasema, "Tena." Kisha tena. Mara ya nne hakuwa akitazama, alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza, na machozi yanamdondokea mapajani.

"Flashi uliyompa mama ilikufa," akaniambia. "Tuliitoa kabatini baada ya arubaini yake, tukaiweka kwenye kompyuta haikufunguka. Kaka akaipeleka Mombasa kwa fundi, ikarudi vilevile. Miaka miwili sijasikia sauti yake, Hafswa. Nilikuwa nimeanza kuisahau. Nilikuwa nikimuuliza Abdulhakim, mama alikuwa akilivutaje jina langu?"

Nikaanza kulia na mimi. Nikasema, basi Mungu aliniwekea kusudi nikuhifadhie. Afadhali ningenyamaza.

Jaha alifuta uso. "Usimtie Mungu humo. Ungetwambia unazo, tungekuja wenyewe kukupigia magoti. Watu wangapi wamefiwa mji huu? Ulikaa nazo chini ya kitanda ukizitazama peke yako. Na siku uliyoamua kuzitoa, ulizitoa kwa wanaume, upewe kazi."

Kisha akaona skrini. Mafaili yote yalikuwa pale, kila moja na jina la bibi harusi na mwaka, kwa kuwa mimi ni mtu wa mpangilio. Akayasoma kimoyomoyo, midomo ikisogea. Dada zake wamo. Mwalimu wake wa madrasa yumo.

"Zote hizi?"

"Zote."

"Nitawaambia," akasema. "Sitakusengenya. Nitawaambia ilivyo, kila mtu aje achukue yake."

Nilimnakilia harusi yake yote kwenye flashi mbili, kisha nikafuta ya kwangu akiangalia. Mlangoni, akivaa viatu, akanipa mkono. "Ya mama nimekusamehe, na sauti yake nimeipata kwako, siwezi kulikana hilo. Lakini nina binti wa miaka sita. Siku yake ikifika, chumbani mwake hutaingia na kamera."

Kahawa hakuigusa.

Ijumaa, 14 Februari

Harusi zote mbili za Shaabani zimenitoka. Mmoja alinitumia ujumbe wa heshima. Wa pili hakuandika chochote, nikasikia amemchukua mtu kutoka Kikambala.

Jumatano, 19 Februari

Wanakuja. Leo wamekuja wanne. Wengine wanatazama kidogo, wengine wanachukua flashi bila kukaa. Bibi mmoja aliuliza kama anaweza kumwona dada yake akicheza, tukamtafuta, tukampata, bibi akacheka hadi akakohoa, kisha akakumbuka amenikasirikia akaondoka bila kuaga. Kila akitoka mmoja nafuta. Picha zangu zinapungua na sina mtu wa kumlaumu.

Jumapili, 23 Februari

Diski imebaki tupu. Nimeirudisha kwenye kopo, sijui kwa nini.

Jumatatu, 24 Februari

Nimerudi Marereni kwenye fokasi. Abdulhakim naye amerudi. Amenipa maikrofoni nimshikie alipokuwa akifunga waya, akasema ahsante. Zaidi ya hapo hatuongei.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya rundo la mwisho. Ramadhani ya kumi na moja, koo limekauka, na chumvi inang'aa kila upande.

Saa nane mawingu meusi yalitokea upande wa bahari. Msimamizi akapiga filimbi, watu wakaanza kukimbia na maturubai. Peterson alikuwa akipiga kelele kwamba hatuko tayari, alama za fokasi hazijawekwa chini, mwigizaji hajui asimame wapi. Sidi akaibeba kamera begani. "Tunakwenda nao," akasema, akaingia katikati ya watu wanaokimbia.

Nilikimbia ubavuni mwake na gurudumu la lenzi mkononi, nikikisia umbali kwa macho. Mama wa filamu alipanda rundo na turubai, upepo ukamnyang'anya, akalirukia kwa kifua. Hiyo haikuwa kwenye mpango. Dakika nzima, pengine zaidi. Ningechelewesha kidole kimoja tu, uso wa yule mama ungefifia, na isingerudiwa kamwe. Wazo hilo lilinijia, naliandika kwa kuwa lilinijia. Sidi hakugeuka hata mara moja kuona kama ninamfuata. Alijua namfuata.

Mvua ilinyesha. Uso wa yule mama uko wazi, mwanzo hadi mwisho. Kila mtu alimshangilia Sidi, na mimi nilimshangilia, na roho iliniuma vilevile. Nilifikiri baada ya yote haya wivu ungeondoka. Umebadilika tu. Zamani nilitaka kiti chake. Sasa nataka ile imani yake ya kutogeuka.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Waliokuja kumpa mama mkono ni wengi kama kawaida. Waliokuja kunipa mimi niliwahesabu.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu jana. Filamu imekwisha. Peterson amepiga simu: mwakani ana nyingine, na safari hii anataka niwe mpiga picha mkuu, mimi, mwanzo hadi mwisho. Nimekaa na simu mkononi. Nimelingoja neno hilo miaka kumi na mitano.

Nikamuuliza filamu inahusu nini. Akasema wanawake wa mji mkongwe, maisha yao ya ndani, majumbani mwao. "Wewe ndiye mwenye mlango, dada Hafswa."

Nimemwambia mlango huo sina tena.

Alhamisi, 10 Aprili

Kaka yangu anamwozesha bintiye Jumamosi. Binti yake wa kwanza, niliyembeba siku ya pili ya kuzaliwa kwake. Wifi yangu alikuja asubuhi akakaa ukingoni mwa kiti. "Wifi, usinichukie. Wazee wa kike wamekaa, wamesema picha apige mtu mwingine." Nikamuuliza nani. Hakuweza kulitaja jina, mama akamtajia.

Saa kumi Sidi akanipigia simu. Nilisikia mvua ya kwao ikipiga mabati.

"Dada Hafswa, wameniita. Sijawajibu. Ukisema nikatae, nitakataa, na sitamwambia mtu kwa nini."

Na angekataa. Ndilo lililonichoma. Neno langu moja tu lingetosha, naye angelitunza kama alivyotunza mengine.

"Nyumba ya kaka ina dirisha moja tu chumbani," nikamwambia. "Linatazama ukuta wa jirani, na ule ukuta ni mweupe. Saa tatu na nusu jua likipiga pale, nuru inarudi ndani, haikai zaidi ya nusu saa. Mweke bibi harusi kitini, si kitandani. Wewe simama pembe ya kabati. Mwangalie na bibi yake, huyu mama yangu. Akianza kumfunga ushungi mikono yake hutetemeka, usimwondoe kwenye picha."

Nilisikia anaandika.

"Na ahadi," akasema, "nitampa nani, wifi yako?"

"Mpe mama. Usimame mbele yake, umwangalie machoni."

"Na wewe utakuwapo?"

Nikamwambia mimi ni shangazi wa bibi harusi, nitakuwa nimevaa vizuri na nitakaa na wageni. Akasema haya. Kisha nikamwambia, kwa kuwa nilikwisha kusema mengine yote, kwamba ninamwonea wivu hata sasa, na akinikuta nimenuna Jumamosi asijali, anipige picha hivyohivyo.